Kabla ya Kuilaumu Kompyuta: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Michoro Jongefu na Efekti za Video

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu After Effects, programu ya michoro jongefu na efekti, na chache zinahusu DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video. Nimezisoma zote kwa makini, kwa sababu nyuma ya kila moja ipo kazi ya mtu iliyokwama: harusi ambayo wenyewe wanaisubiri, kwaya iliyokwisha kutangaza siku ya uzinduzi, tangazo ambalo malipo yake ya awali yamekwisha kutumika. Karibu kila aliyeandika ameanza kwa kuishuku kompyuta yake, na baadhi wanataka kujua ni kompyuta gani wanunue. Ninaomba kabla ya kufika huko tuyatazame mafaili tuliyoyaingiza kwenye programu, maana mara nyingi tatizo huingia nayo.

Swali. Ninatengeneza video za harusi na za kumbukumbu za marehemu hapa Mwanza, na kompyuta yangu ina RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 8. Nikiweka kipande cha video cha dakika moja chenye ukubwa wa MB 90 tu, pamoja na picha ishirini za mnato, After Effects hunionyesha sekunde chache kisha hurudi mwanzo. Wakati mwingine hutoa ujumbe kwamba onyesho la awali linahitaji fremu mbili au zaidi (fremu ni picha moja kati ya zile zinazounda video). MB 90 zinawezaje kujaza GB 8?

Jibu. Nitakujibu kwa hesabu, ndugu yangu, kwa kuwa hesabu ndiyo itakayokuonyesha mahali pa kukata. Hizo MB 90 ni ukubwa wa faili likiwa limebanwa kwenye diski. Programu haiwezi kuchora juu ya kitu kilichobanwa, kwa hiyo hulifungua faili fremu moja baada ya nyingine na kuihifadhi kila fremu ndani ya RAM ikiwa nzima, pikseli kwa pikseli, yaani nukta kwa nukta. Fremu ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600, na kila pikseli huhitaji baiti 4: moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya buluu na moja ya uwazi. Hiyo ni takriban MB 8.3 kwa fremu, na kwa mwendo wa fremu 25 kwa sekunde, kila sekunde ya onyesho inakula MB 207. Tuseme Windows na kivinjari ulichokiacha wazi vimeiachia After Effects GB 4. Hizo zitatosha sekunde 19 hivi, na bado hatujazihesabu safu, yaani tabaka za picha na video, zilizo chini ya onyesho hilo. Ikiwa mradi umewekwa kwenye biti 16 kwa kila rangi, sekunde hizo zigawanye kwa mbili, na ikiwa unafanya kazi ya 4K, zigawanye kwa nne. Ujumbe ulioupata maana yake ni kwamba nafasi iliyobaki haikutosha hata fremu mbili.

Sasa zitazame zile picha ishirini, ambazo ndizo ninazozishuku zaidi. Picha ya kamera yenye upana wa pikseli 6000 na kimo cha 4000 huchukua MB 96 inapofunguliwa, hata kama faili lake la JPEG ni MB 5. Ishirini za namna hiyo zinakaribia GB 2, yaani nusu ya nafasi yote uliyobakiwa nayo, na huenda hakuna hata moja inayoonekana kwa ukubwa wake kamili kwenye skrini. Zipunguze kabla ya kuziingiza. Ikiwa picha haitavutwa karibu, upana wa pikseli 1920 unatosha. Ikiwa utaivuta hadi asilimia 150, pikseli 2880 zinatosha, na picha hiyo itachukua MB 22 badala ya 96. Kazi hiyo ni ya robo saa, na ninaamini itakusaidia kuliko ushauri mwingine wowote nitakaokupa hapa.

Baada ya hapo, chini ya dirisha la onyesho badilisha ubora kutoka "Full" kwenda "Half". Nusu ya upana na nusu ya kimo ni robo ya pikseli, kwa hiyo fremu itashuka hadi MB 2 hivi na zile sekunde 19 zitazidi 70. Hilo halipunguzi ubora wa video utakayoitoa mwishoni. Mstari wa kijani unaouona juu ya safu unaonyesha fremu zilizomo kwenye RAM, na mstari wa buluu unaonyesha zile zilizohifadhiwa kwenye diski. Kama una diski ya SSD, elekeza hifadhi hiyo huko.

Liko pia jambo la video za simu, ambazo hubanwa kwa namna inayoelemea uhariri. Ndani ya faili hilo fremu kamili hutokea mara chache, na zilizo katikati hubeba tu tofauti kati ya fremu moja na nyingine. Ukirudi nyuma kwa kipanya, programu hulazimika kuitafuta fremu kamili iliyotangulia na kuzifungua zote zinazofuata hadi ifike ulipo. Kuibadilisha video kuwa ProRes 422, aina ya faili la video la uhariri, kabla ya kazi huondoa adha hiyo, kwa sababu humo kila fremu hujitegemea. Ujiandae tu kwamba dakika moja ya 1080 kwa fremu 25 itakaribia GB 1.

Swali. Nilirekodi ibada ya ndoa kwa simu hapa Kisumu, na sauti niliichukua kwa kinasa sauti kilichounganishwa na mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) ya kanisa. Mwanzoni midomo na sauti vinakwenda pamoja, lakini kufikia dakika ya 40 mchungaji anaonekana kusema zaidi ya sekunde mbili kabla ya sauti yake kusikika. Nimeisogeza sauti mara nyingi na tatizo linarudi. Je, DaVinci Resolve yangu ina kasoro?

Jibu. Nashukuru kwamba umetaja dakika na sekunde, kwa sababu namna sauti inavyoachana na picha ndiyo inayotaja chanzo chake. Zikiwa zimepishana kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, ni suala la kusogeza tu. Zikiachana kidogo kidogo kwa kasi isiyobadilika, idadi ya fremu kwa sekunde imesomwa vibaya. Zikiachana kwa kuruka, hapa sawa na pale si sawa, basi faili lenyewe lina mwendo wa fremu unaobadilika.

Dalili zako zinaelekea kwenye sababu ya pili. Kinachoitwa fremu 30 kwenye vifaa vingi kwa kweli ni 29.97, mwendo uliorithiwa kutoka kwenye televisheni ya rangi ya Marekani. Programu ikizicheza fremu hizo kama 30 kamili, picha hukimbia kwa moja ya elfu. Tofauti hiyo haionekani katika wimbo wa dakika tatu, lakini katika dakika 40, ambazo ni sekunde 2,400, picha itatangulia kwa sekunde 2.4, karibu sawasawa na ulivyoeleza. Hata hivyo usikate shauri kabla ya kulipima faili. Pakua MediaInfo, programu ya bure ya kusoma taarifa za faili, ulifungue faili la simu na usome mstari wa mwendo wa fremu. Ukikuta neno "Variable", ujue simu ilikuwa ikipunguza na kuongeza fremu kadiri mwanga ulivyobadilika, jambo ambalo hutokea sana ndani ya kanisa lenye mwanga hafifu.

Dawa ya hali hiyo ni kulipitisha faili kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha video ambayo pia ni ya bure, na katika sehemu ya video uchague "Constant Framerate" kwa mwendo ulio karibu na ule wa asili. Kama simu ilirekodi 30, baki hapo; ukiilazimisha kwenda 25, fremu zitaachwa na mwendo wa bibi harusi akiingia kanisani utaonekana kama wa kurukaruka. Kisha fungua mradi mpya kabisa katika Resolve na uweke mwendo wa fremu uleule wa faili kabla ya kuingiza hata kipande kimoja, kwa kuwa mipangilio ya mradi hukataa kubadilishwa mwendo huo mara tu vipande vikiwa ndani. Wengi huukubali mwendo uliopo bila kuutazama, wakaja kugundua baada ya siku tatu za kazi.

Ikiwa baada ya hayo utabakiwa na tofauti ya fremu chache tu mwishoni mwa saa nzima, usihangaike kutafuta kosa: saa ya ndani ya simu na ile ya kinasa sauti hazilingani kikamilifu. Kata sauti penye kimya, kati ya wimbo na sala kwa mfano, uisogeze hapo. Na kwa harusi ijayo, kama simu yako ina programu ya kamera inayoruhusu, weka fremu 25 na kasi ya shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, ya sekunde 1 kwa 50. Umeme wetu wa Afrika Mashariki ni wa Hz 50, taa nyingi humeta mara 100 kwa sekunde, na mwendo huo utakuondolea ile mistari inayopanda na kushuka ukutani.

Swali. Sisi ni vijana wa kitengo cha habari cha kwaya yetu Morogoro. Tulirekodi waimbaji mbele ya kitambaa cha kijani ili tuwawekee mandhari ya milima. Kijani kimeondoka, lakini kingo za nywele na mikono zimekuwa kama zimekatwa kwa meno, nyuso zina ukijani, na vitenge vya kina mama vimetoboka mashimo. Tumejaribu Keylight, efekti ya After Effects ya kuondoa rangi ya nyuma, kwa wiki nzima.

Jibu. Poleni kwa wiki hiyo. Mmekutana na matatizo matatu yaliyofika kwa pamoja, na kila moja lina chanzo chake.

Nianze na kingo. Kamera nyingi za kawaida na simu huhifadhi rangi kwa mtindo uitwao 4:2:0, ambapo mwangaza huhifadhiwa kwa kila pikseli lakini rangi huhifadhiwa mara moja kwa kila pikseli nne. Katika fremu ya 1920 kwa 1080, ramani ya rangi ina ukubwa wa 960 kwa 540 tu. Jicho halilalamiki, kwa sababu huona mwangaza vizuri kuliko rangi. Keylight hutegemea rangi hasa, na ndiyo maana kingo huwa na ngazi. Hali huwa mbaya zaidi ikiwa mpiga picha aliwatumia video kwa WhatsApp kama video ya kawaida, kwa kuwa hubanwa tena njiani. Mwombeni faili la asili kwa flashi au kwa diski, na kama hakuna budi WhatsApp itumike, alitume kama hati.

Mkiwa na faili la asili, chora kwanza mask (mpaka wa sehemu itakayobaki kuonekana) pana kuwazunguka waimbaji, ili Keylight isipoteze nguvu kwenye pembe za kitambaa zenye giza. Chagua rangi karibu na nywele, si kwenye pembe. Kisha badilisha mwonekano uwe "Screen Matte", ambapo kinachobaki huonekana cheupe na kinachoondoka huonekana cheusi. Pandisha "Clip Black" hadi ukungu wa kijivu kwenye kitambaa utoweke, na shusha "Clip White" hadi madoa ndani ya miili yazibe. Sogeza kidogo kidogo na uwe mwepesi wa kuacha. Kingo nyingi zilizoharibika nilizowahi kuletewa ziliharibiwa hapa, na mtu aliyetaka weusi na weupe kamili hata kwenye unywele mmoja mmoja.

Ukijani wa nyuso ni mwanga ulioakisiwa na kitambaa. Efekti ya "Advanced Spill Suppressor" ikiwekwa baada ya Keylight huuondoa kwa kiasi kikubwa, lakini tiba yake halisi ni nafasi: waimbaji wasimame mita 2 au zaidi mbele ya kitambaa, na kitambaa kiwe na taa zake, zilizosambaa sawasawa, mbali na zile za waimbaji.

Kuhusu vitenge, programu haina namna ya kujua kwamba jani la kijani kwenye nguo ya mama si kitambaa cha nyuma. Rudufu safu ya video, ondoa Keylight kwenye nakala ya juu, na uchore mask ndani ya mipaka ya nguo tu, ukiisogeza kufuata mwili. Ni kazi ya subira kwa waimbaji kumi na wawili, na sitawaficha hilo. Kama sare za kwaya zina kijani, mara ijayo tumieni kitambaa cha buluu. Kijani hupendwa kwa sababu kihisio cha kamera kina vipokezi vya kijani mara mbili ya vile vya nyekundu au vya buluu, na hivyo picha yake huwa safi zaidi. Faida hiyo haina maana ikiwa imewala nusu ya waimbaji.

Swali. Hapa Unguja ninatengeneza salamu za Ramadhani na za Idi kwa maduka. Nikibandika maandishi ya Kiarabu ndani ya After Effects, herufi zinaachana na kusomeka kutoka kushoto. Nimefikia hatua ya kuyaandika kinyumenyume kwa mkono. Je, ni fonti?

Jibu. Kuandika kinyumenyume kuache leo hii, dada yangu, kwa sababu hata mpangilio ukikubali, maumbo hayatakubali. Herufi nyingi za Kiarabu zina maumbo manne, ya mwanzo wa neno, ya kati, ya mwisho na ya peke yake, na kazi ya kuchagua umbo hufanywa na mtambo wa maandishi wa programu kabla fonti haijachorwa. Kama toleo lako la After Effects lina chaguo hilo, nenda kwenye mapendeleo ya programu, sehemu ya "Type", ubadilishe mtambo wa maandishi kutoka ule wa Kilatini kwenda ule wa Asia Kusini na Mashariki ya Kati. Funga programu, uifungue upya, na uyaandike maneno katika safu mpya badala ya kuirekebisha ya zamani. Hakikisha pia fonti yako ina herufi za Kiarabu.

Unapoyapa maandishi hayo mwendo, yaingize neno kwa neno, si herufi kwa herufi, kwa kuwa herufi za neno moja zimeshikana na kuzitenganisha huliharibu neno mbele ya macho ya msomaji. Na ikiwa maandishi ni aya ya Qur'ani au hadithi, mwonyeshe mtu anayeisoma vizuri kabla ya kuikabidhi video kwa mwenye duka. Nukta moja ikihama, herufi inakuwa nyingine.

Swali. Onyesho limeganda, chini kuna mstari mwekundu, na nikibadilisha kitu hakuna kinachoonekana. Nimeifuta programu na kuiweka upya mara mbili. Mwanafunzi, Nakuru.

Jibu. Bonyeza kitufe cha Caps Lock mara moja. Kikiwa kimewashwa, After Effects huacha kwa makusudi kuchora upya onyesho, na maandishi yaliyo kwenye mstari huo mwekundu yanasema hivyo.

Swali. Nembo ya mteja wangu wa Dar es Salaam ina mstari mwembamba mweusi ukingoni kila ninapoiweka juu ya rangi nyeupe. Aliyeichora anasema kwake ni safi.

Jibu. Inawezekana kabisa kwamba nyote wawili mnasema kweli. Faili lenye uwazi huweza kuhifadhiwa kwa njia mbili. Katika ya kwanza rangi hubaki safi na uwazi hukaa peke yake. Katika ya pili rangi za ukingoni huwa zimekwisha kuchanganywa na rangi ya nyuma, mara nyingi nyeusi. Programu ikilisoma faili la aina ya pili kana kwamba ni la aina ya kwanza, weusi huo hubaki ukingoni. Juu ya mandhari meusi hauonekani, na pengine ndivyo mwenzako alivyoitazama. Chagua faili kwenye orodha ya mradi, fungua "Interpret Footage", na katika sehemu ya alfa, yaani uwazi, chagua "Premultiplied" kwa rangi nyeusi. Kama mstari ungekuwa mweupe, ungechagua nyeupe. Jambo lingine la kukumbuka unapomrudishia kazi yenye uwazi: MP4 ya H.264 haibebi alfa, kwa hiyo mpe ProRes 4444 au mfuatano wa PNG.

Swali. Kigoma umeme ulikatika nikiwa nimefikia asilimia 80 ya kurenda (kutoa video iliyokamilika) tangazo la dakika tano lililochukua usiku kucha. Faili la MP4 lipo, lina ukubwa wa kutosha, lakini hakuna programu inayolifungua. Je, linaweza kuokolewa?

Jibu. Pole sana. Kwa kawaida faharasa ya MP4, inayoieleza programu kila fremu inaanzia wapi, huandikwa mwishoni kazi inapokamilika, na lako halikufika huko. Zipo programu za kujaribu kuijenga upya, lakini kwa kuwa mradi wenyewe unao, muda wako utautumia vizuri zaidi kwa kurenda tena kwa njia isiyoogopa umeme.

Njia hiyo ni kurenda mfuatano wa picha. Badala ya MP4 chagua PNG, na uelekeze kwenye folda yake pekee. Dakika tano kwa fremu 25 ni picha 7,500, na kila moja ni faili kamili mara tu inapoandikwa. Sauti itoe kando kama WAV. Umeme ukikatika kwenye picha ya 6,000, utakaporudi futa picha ya mwisho, kwa kuwa huenda iliandikwa nusu, kisha katika mipangilio ya kurenda weka alama kwenye "Skip existing files". Programu itaziruka zilizopo na kuendelea na zilizobaki. Zikikamilika, ziingize kama video moja, ukiangalia kwamba zimesomwa kwa fremu 25 na si 30, uziunganishe na WAV, ndipo utoe MP4. Hatua hiyo ya mwisho huwa fupi sana, kwa kuwa efekti zote zimekwisha kuhesabiwa, na mteja akitaka sekunde kumi zibadilishwe utarenda picha 250 tu.

Nafasi ya diski utahitaji kubwa: hata ukikadiria MB 3 kwa picha, 7,500 zitachukua zaidi ya GB 22. Na mradi wenyewe uhifadhi kwa Ctrl, Alt, Shift na S kwa pamoja, ambayo hutunga nakala mpya yenye namba inayofuata, ili umeme ukikatika wakati wa kuhifadhi uharibu nakala moja tu na ile iliyotangulia ibaki salama.